Gari la mbio kwa injini ya kirikuu: wadau, inawezekana, ila sikilizeni kwanza

Haya wadau, leo siasa tuziweke pembeni na bei ya korosho nayo tuipumzishe kidogo. Kuna swali limezunguka sana kwenye vijiwe vya bodaboda hapa Nanyamba tangu minada ianze: mtu anaweza kujiundia gari la mbio nyumbani kwake, kwa vifaa vya kuokoteza? Sio mkokoteni wenye injini wa kupelekea mahindi mashineni. Gari la mbio kweli, la kuisumbua Subaru.

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu nimelitafuta wiki kadhaa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, maana kwetu limeshakuwa jambo la ukoo. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana pesa ya korosho mkononi, na fundi mmoja wa mageti ameshamjaza maneno. Mjomba, ambaye kwa sisi Wamakonde ndiye mwenye sauti kwenye mambo kama haya, hataki hata kusikia. Yeye anasema pesa ikishatoka kwenye shamba irudi kwenye shamba, basi. Nawaandikia wote wawili, na nyie mliobaki mjisomee.

Tuanze na wenzetu. Mwaka 1957 kule Uingereza Mwingereza mmoja, Colin Chapman, alianza kuuza gari lililoitwa Lotus Seven. Halina milango ya maana, halina paa la maana, viti viwili tu. Unaletewa vipande kwenye maboksi unajiungia mwenyewe. Sababu haikuwa ufundi tu, ilikuwa kodi: gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, vipande havikutozwa. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunga, basi jamaa wakamwandikia maelekezo ya KUFUNGUA gari, mteja anayasoma kutoka mwisho kuja mwanzo. Hahaha, ujanja haukuanzia Kariakoo! Mwaka 1973 kodi ikabadilika, njia ile ikafungwa, na gari lenyewe likachukuliwa na kampuni ya Caterham ambayo inaliuza mpaka leo, zima au la vipande.

Sasa hapa ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti. Mwaka 2013 Caterham walitoa Seven 160. Injini yake? Suzuki, silinda tatu, sisi 660, yenye turbo. Yaani ukoo uleule wa injini ya K6A iliyomo kwenye Suzuki Carry nyingi za miaka ya 2000. Kirikuu! Hiki hiki kinachobeba magunia na samaki. Hata difu ya nyuma waliichukua kwa Suzuki. Kagari kana uzito wa kilo 490 na nguvu za farasi 80, kanafika kilomita 160 kwa saa. Kwa vipande walikauza pauni 14,995. Mwaka 2021 wakaja na Seven 170, farasi 84, kilo 440.

Mtu atauliza, farasi 84 unaifanyia nini Subaru ya farasi 230? Chukua uzito gawanya kwa farasi. Impreza ya turbo ina kama kilo 1,400, kwa hiyo kila farasi mmoja anavuta kilo 6 na kitu. Kwenye Seven 170 kila farasi anavuta kilo 5 na kidogo. Ndo maana kale kadude kanaondoka kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Siri yote iko kwenye uzito, wala sio ukubwa wa injini.

Kirikuu chetu cha kawaida, kisicho na turbo, kina farasi kama 48 na uzito wa kama kilo 700. Kila farasi anabeba karibu kilo 15, na bado hujapakia gunia. Ukiondoa kabini, ukaondoa bodi ya mizigo, ukaunda fremu nyepesi na gari zima likatoka kilo 400, farasi yuleyule sasa anavuta kilo 8. Hujagusa injini hata kidogo na gari limekuwa jingine.

Kwa hiyo kaka hajachanganyikiwa. Lakini fundi wake anapoanzia ndipo panaponitisha. Anasema injini ikipatikana mengine yatajipa. Mimi naona ni kinyume, injini ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na chesisi ndiyo kazi yenyewe. Chuma kinachotumika kwenye magari haya ni bomba za mraba za milimita 25, zenye unene wa milimita moja na nusu hivi, hizihizi za madirisha. Kuzikata na kuzichomelea fundi wa mageti anaweza. Tatizo ni kwamba geti linaning'inia tu, halipigi kona. Chukua vijiti vinne, vipigilie misumari viwe mraba, halafu sukuma pembe moja. Unalala. Ongeza kijiti cha kukatisha kona kwa kona, sukuma tena. Haulali. Fundi wa kenchi za nyumba anaijua siri hiyo kuliko fundi wa mageti, kila uwazi unatakiwa uwe pembetatu. Ningekuwa kaka ningemwita fundi paa akae na fundi mageti wachore pamoja.

Kingine, injini ya kirikuu inakaa chini ya viti. Ukiihamishia mbele, propela shafti haitafika au itazidi, itabidi ikatwe na kuungwa, na lazima ipelekwe kwa wakerezaji wa mjini Mtwara iungwe ikiwa imenyooka. Propela iliyopinda kidogo tu hutaiona ikisimama. Ikifika mwendo wa 80 inatetemesha gari zima mpaka kitu kikatike.

Halafu breki. Hapa naomba mjomba aache kucheka na kaka aache kukasirika, wote wasikilize. Gari likitoka 40 kwenda 80, mwendo umeongezeka mara mbili, ila kazi ya kulisimamisha imeongezeka mara NNE. Breki za kirikuu zilipangwa kwa gari ambalo dereva amekaa karibu juu kabisa ya tairi za mbele na nyuma kuna mzigo. Wewe umekaa katikati, mzigo umeutoa, gari limekuwa jepesi nyuma. Ukikanyaga ghafla tairi za nyuma zinaganda kabla ya za mbele, na nyuma ikiganda gari linageuka kama pia. Njia ya kuepuka ni kupunguza nguvu inayokwenda nyuma kwa vali maalum kwenye bomba la breki, na kulijaribu gari kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa 30, halafu 40, na helmeti kichwani. Sio barabarani Mnivata siku ya gulio.

Na barabara yenyewe tuizungumze. Gari la Chapman lilizaliwa kwenye lami laini, tumbo lake liko chini mno. Kutoka Mtwara kuja Mnivata tuna kilomita 50 za lami, sawa, lakini ukiacha lami ukaingia vijijini ni mchanga. Seven ya kweli ingezama kabla haijafika kwenye mkorosho wa kwanza. Kwa huku mfano wa kufuata ni magari ya fremu wanayoshindania wenzetu wa Kenya kwenye mashindano ya otokrosi: mabomba, tairi ziko wazi, injini ndogo, tumbo liko juu, na juu ya dereva kuna tao la chuma ili likibiringika yeye asiguse ardhi. Hao hawaendi nayo sokoni. Wanashindana kwenye viwanja vilivyofungwa, mikanda imefungwa.

Hilo linatupeleka kwenye kadi. Ukiikata chesisi ya kirikuu, gari lililoandikwa kwenye kadi ya TRA sio hilo tena ulilokalia. Bima nayo ilikatiwa kirikuu. Uingereza gari la kuunga nyumbani hupimwa moja moja kabla halijapewa namba, taa, breki, stelingi, hata ncha kali za bodi. Kaka aende TRA na kwa trafiki aulize mapema na ajibiwe kwa maandishi, KABLA hajanunua bomba hata moja. La sivyo gari libaki la uwanjani tu.

Kuhusu kuongeza nguvu, kwa maana najua ndo mnachosubiri vijana. Mpangilio wangu ni huu: punguza uzito kwanza, halafu breki, halafu tairi na shokapu, injini mwisho kabisa. Fundi wa kaka anataka kuchomeka turbo juu ya injini isiyo na turbo. Wadau, injini hiyo inabana hewa sana tangu kiwandani, ukiisukumia hewa zaidi bila kubadilisha pistoni na mpangilio wa mafuta, petroli inalipuka kabla ya wakati na pistoni zinatoboka. Bora kutafuta injini iliyozaliwa na turbo, Wajapani waliziwekea kikomo cha farasi 64. Kwenye kilo 400 hiyo inatosha kukutoa machozi.

Sasa pesa. Kirikuu kizima kinachofanya kazi ni mtaji, kukikata ni sawa na kuchinja mbuzi wa maziwa, na hapo mjomba yuko sahihi asilimia mia. Cha kutafuta ni kile kilicholiwa na kutu. Kule pwani, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, gari linalobeba samaki na maji ya chumvi bodi yake inaisha wakati injini na difu bado vinadai. Hicho ndicho cha kukata. Na pesa ya kupalilia na kupulizia mikorosho itengwe kwanza, ikae kwa mjomba mwenyewe.

Nimewasomea yote haya juzi jioni. Mjomba alinyamaza muda, akauliza swali moja tu, hilo tao la chuma juu ya kichwa linabeba kilo ngapi. Kaka na fundi kwa sasa wanaunda mfano wa mianzi, saizi ileile ya gari, wajue miguu itakaa wapi kabla ya kukata chuma. Ila kuna kitu hatujakipatia ufumbuzi: difu ya kirikuu ni ya mizigo, gari likikimbia injini inapiga kelele mapema mno. Mdau yeyote wa Mtwara, Lindi au kokote aliyewahi kufunga difu nyingine kwenye injini hiyo, atupe maelezo hapo chini, ilikuwa ya gari gani na ilibidi akate nini.