Je, Wajua? Nguzo ya Uzio Huweza Kung'olewa na Ardhi Yenyewe

Huko Fizi, Kivu Kusini nchini Kongo, uzio mwingi hupandwa. Mwenye kiwanja hukata vijiti vya mnyaa, huvichomeka ardhini mvua zinapoanza, na baada ya miaka michache anakuwa na ukuta wa kijani usio na majani, wenye utomvu mweupe ambao ukimwingia mtu jichoni halali usiku huo. Mbuzi huuogopa na ng'ombe huupita kando. Asiye na mnyaa hufunga matete au hupanga nguzo za mikaratusi, na mwenye uwezo huinua ukuta wa matofali ya kuchoma. Wavu wa seng'enge, ule uliosukwa kwa waya ukawa na matundu ya pembe nne yaliyosimama kwa ncha, si wa kila nyumba. Katika mji wa Baraka huonekana zaidi kwenye minara ya simu na maghala kuliko kwenye ua wa mtu wa kawaida.

Lakini watu wa Fizi hawapo Fizi peke yake. Vita viliwavusha wengi Ziwa Tanganyika hadi kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 na kujaa watu wa Kivu Kusini. Mwaka 2012 nchi zinazopokea wakimbizi, Marekani ikiwa mbele, zilianza mpango wa kuwahamishia kwao makumi ya maelfu ya Wakongo kutoka kambi za Maziwa Makuu. Ndiyo maana leo Kiswahili cha Kivu kinasikika Boise, Portland ya jimbo la Maine, Winnipeg kule Kanada, na Grand Rapids katika jimbo la Michigan. Baadhi yao wamefika hatua ya kununua nyumba, na nyumba yenye watoto inataka ua uliofungwa. Mnyaa haustahimili baridi ya kule. Usiku mmoja wa Januari unatosha kuua kila kijiti. Basi wanageukia seng'enge, kwa kuwa ni rahisi kuliko mbao na hudumu zaidi.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mnunuzi hutazama waya na kusahau shimo.

Waya yenyewe inastahili kutazamwa. Mwaka 1844, katika mji wa Norwich nchini Uingereza, Charles Barnard alibuni mashine ya kusuka wavu wa waya kwa kuiga mitambo ya kufuma nguo, kazi iliyokuwa na sifa kubwa eneo hilo. Wavu wa seng'enge wa leo ulizaliwa baadaye kutokana na wazo hilohilo la kuifanya waya iwe uzi. Kila waya hupindwa zigizaga, kisha huzungushwa kama parafujo hadi ijifume ndani ya waya iliyotangulia. Mafundi wa jua kali jijini Nairobi hufanya kazi hiyo kwa mashine ya mkono: bapa la chuma linalozunguka ndani ya bomba lenye mfereji uliojiviringisha, waya ikiingia imenyooka na kutoka imepindapinda. Hakuna fundo mahali popote, wala sehemu iliyochomelewa. Fundi akitaka kukata wavu, huchomoa waya moja tu kwa kuizungusha, na wavu hugawanyika mara mbili. Akitaka kuunga, huirudisha kwa njia ileile.

Kutokuwa na fundo ni baraka katika nchi ya theluji. Tawi lililolemewa na barafu likiuangukia uzio, wavu hunepa, mzigo ukasambaa kwenye waya nyingi. Mbao ingevunjika. Hata waya mbili tatu zikikatika, hubadilishwa hizohizo, na ua uliobaki hauguswi.

Unene wa waya hupimwa kwa geji, na geji huwachanganya wengi kwa sababu namba ikipanda, waya hupungua. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya kuvuta waya kupitia matundu yanayozidi kuwa membamba: kadiri ilivyopitishwa mara nyingi, ndivyo ilivyokonda. Kwa kipimo cha Marekani, geji 9 ina unene wa milimita 3.76, na geji 11 milimita 3.05. Kwa macho tofauti hiyo haifiki milimita moja, lakini nguvu ya waya hutegemea eneo lake la ndani, na kwa hesabu hiyo geji 9 ina chuma zaidi kwa nusu kuliko geji 11. Kwa ua wenye watoto, mbwa na theluji ya miezi 4 au 5, geji 9 ndiyo ya kununua. Ikiwa waya imevikwa plastiki, muuzaji aulizwe unene wa chuma kilicho ndani, maana wengine hupima pamoja na koti lake. Plastiki hiyo nayo iwe ya daraja zuri, kwa sababu iliyo hafifu hukakamaa kwenye baridi kali, ikapasuka pale inapopigwa, na maji yakajipenyeza chini yake.

Kinachoikinga waya na kutu ni zinki. Mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza mwaka 1837 kwa mbinu ya kuzamisha chuma katika zinki iliyoyeyushwa, na hadi leo viwanda huchovya chuma katika beseni lenye joto la nyuzi 450 hivi. Uzuri wa zinki ni kwamba haikingi kama rangi tu. Waya ikikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Kwa wavu wa seng'enge, viwango vya Marekani vina madaraja mawili ya zinki: gramu 366 kwa kila mita ya mraba ya waya, na gramu 610. Mwenye nyumba iliyo kando ya barabara asibane senti hapo. Majira ya baridi barabara za Michigan humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, magari huirusha pembeni, na chumvi huila zinki kwa kasi kuliko mvua ya kawaida.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kuijali zinki hata kama hana mpango wa kujenga ua. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, una mojawapo ya akiba tajiri zaidi za zinki duniani. Ulichimbwa tangu mwaka 1924, ukafungwa 1993, na mwezi Juni 2024 ukaanza tena kutoa madini. Zinki ni chakula cha viwanda vya mabati na waya duniani kote, na Kongo inayo kwa wingi, ilhali mabati yanayoezeka nyumba za Baraka hununuliwa kutoka nje ya nchi.

Sasa theluji. Wengi huiogopa kwa uzito wake, lakini wavu wa seng'enge hauibebi. Matundu ya sentimita 5 huipitisha pamoja na upepo wake, ikaangukia upande wa pili. Shida huanza mwenye nyumba anapotaka faragha, akachomeka vipande vya plastiki kwenye matundu. Uzio huo unakuwa tanga. Upepo huusukuma kwa nguvu ambayo nguzo hazikupangiwa, na ule unaopenya hupoteza kasi, ukaiachia theluji yake nyuma ya uzio. Jimbo la Wyoming lilijifunza jambo hilo kwa gharama. Sehemu ya barabara kuu ya I-80 karibu na Laramie ilifunguliwa Oktoba 1970, na siku chache baadaye ilikuwa imefungwa na theluji iliyosukumwa na upepo. Dawa ilikuwa uzio. Nyua za mbao zenye nafasi nusu kwa nusu zilisimamishwa mbali na barabara, upande upepo unakotokea, ili theluji ilale hapo kabla ya kufika kwenye lami. Uzio wa aina hiyo huweza kulaza theluji hadi umbali wa zaidi ya mara 30 ya kimo chake. Mtu aliyejaza plastiki kwenye ua wake amejenga mtambo uleule bila kujua, na theluji inaweza kulala mlangoni mwake.

Pamoja na hayo yote, nyua nyingi za nchi za baridi haziharibiwi kutokea juu. Huharibiwa kutokea chini.

Kila mtoto wa shule hufundishwa kwamba maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba hiyo ndiyo sababu ya ardhi kuvimba wakati wa baridi. Mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber aliipima imani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920. Aliloweka udongo kwa benzini ya maabara, kimiminika ambacho hakifanani na maji: kikiganda, husinyaa. Udongo ukavimba vilevile. Ikadhihirika kwamba sababu kubwa ni mvuto. Udongo wenye chembe ndogo, kama tope laini na mfinyanzi, huyavuta maji kutoka chini kwenda pale baridi inapogandisha, kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji hayo hujipanga kuwa matabaka ya barafu, moja juu ya jingine, nayo huinua kila kilicho juu yake.

Nguzo iliyo ndani ya udongo huo hushikwa ubavuni na ardhi iliyoganda, ikapandishwa nayo. Chini ya kitako chake panabaki uwazi. Barafu inapoyeyuka, tope na vijiwe huingia kwenye uwazi huo kabla nguzo haijashuka. Mwaka unaofuata hupanda tena. Nguzo hutoka ardhini polepole, kama jino la maziwa.

Hapa ndipo ujuzi wa fundi wa Baraka unapoweza kumponza akiwa ugenini, bila kosa lake. Nyumbani shimo la sentimita 60 kwa kawaida humtosha. Maadui anaowajua ni mchwa wanaokula nguzo ya mti, na kutu inayoanza pale chuma kinapokutana na udongo wenye unyevu. Baraka iko ufukweni mwa ziwa lililo takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake haijawahi kuganda. Hata kwenye milima ya Itombwe, inayopita mita 3,000, wachungaji huijua baridi na mvua ya mawe, lakini barafu ya kudumu ya Kongo iko mbali kaskazini, Ruwenzori, kwenye kilele cha mita 5,109. Shimo lilelile la sentimita 60 akilichimba Grand Rapids, ameliweka zege lake katikati ya mdomo wa barafu.

Kina kinachotumiwa Michigan kwa misingi ni inchi 42, yaani karibu sentimita 107. Nusu ya kaskazini ya Minnesota hudai inchi 60, zaidi ya mita moja na nusu. Kitako cha nguzo kikikaa chini ya kina hicho, kimesimama kwenye udongo usioganda. Kina peke yake hakitoshi, kwa sababu barafu hushika ubavu pia. Shimo liwe pana zaidi chini kuliko juu, ili zege lijifunge lenyewe ardhini, na kuta zake ziwe laini. Kosa linaloonekana mno ni zege kumwagika juu na kutanda kama kofia ya uyoga. Ukingo wa kofia hiyo ni mpini kwa barafu, ambayo huushika kwa chini na kuunyanyua. Kokoto chini ya shimo husaidia maji kukimbia. Na bomba la nguzo lifunikwe kwa kifuniko chake, maana maji yakilijaa na kuganda humo, hulipasua.

Kuchimba kufanyike kabla ya baridi, na kabla ya kuchimba mwenye nyumba wa Marekani hupiga simu namba 811, bila malipo, ili waje kuonyesha mahali pa mabomba ya gesi na nyaya za umeme. Kwa aliyezoea kiwanja cha Fizi, ambako jembe likigonga kitu huwa ni jiwe au mzizi, utaratibu huo unaweza kuonekana wa kupoteza muda. Shimo la zaidi ya mita moja mjini hukuta mengi.

Lango nalo lataka uangalifu wake. Likining'inizwa karibu na ardhi, theluji ya usiku mmoja hulizuia kufunguka, na lile la kusukumwa kwenye reli ya chini huganda palepale lilipo. Likiinuliwa kiasi, koleo hupita chini yake.

Mwezi wa Aprili, theluji ikishaondoka, ndipo uzio hukaguliwa kwa timazi, nguzo moja baada ya nyingine. Mara nyingi lango huwa limeshatoa habari mapema. Nguzo yake ikiwa imepanda, hata kwa sentimita 2 tu, komeo halikutani tena na tundu lake, na mwenye nyumba hulazimika kulibeba lango kwa mkono ili lifunge.