Kuba, Upepo na Majengo Jirani

Paa la kuba, lenye umbo la bakuli lililofudikizwa, husifiwa kwa kufunika ukumbi mpana bila nguzo za katikati, lakini sifa hiyo hutokana na jinsi linavyobeba uzito wake lenyewe, ilhali upepo ni mzigo wa namna nyingine kabisa, kwani hulisukuma upande mmoja na kulinyanyua upande mwingine kwa wakati uleule.

Hesabu ya wahandisi huanzia kwenye kanieneo, yaani kani inayoangukia kila mita ya mraba ya uso wa jengo, ambayo hukua kwa mraba wa kasi ya upepo. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, huwa na kanieneo ya paskali 245 hivi, mfano wa mzigo wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na kasi hiyo ikiongezeka maradufu mzigo hufikia kilo 100. Mzigo huo haulienei kuba sawasawa. Sehemu ya chini inayokabili upepo husukumwa ndani, kisha hewa inapopanda mgongo wa kuba huongeza kasi, kanieneo yake ikashuka kuliko ile ya hewa iliyotulia chini ya paa, na kilele kikafyonzwa kwenda juu. Tarehe 29 Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans nchini Marekani, kuba la uwanja wa Superdome lilibanduliwa sehemu kubwa ya tabaka lake la nje huku maelfu ya watu wakiwa wamejihifadhi chini yake.

Ugumu wa kuba ni kwamba halina pembe. Kwenye nyumba ya kawaida hewa huachana na paa pale ukingoni, mahali panapojulikana tangu mchoro unapochorwa, lakini juu ya kuba mahali hapo husogea mbele au nyuma kutegemea kasi ya upepo, ukwaruzo wa uso wake na misukosuko ambayo hewa imekuja nayo kutoka mbali.

Misukosuko hiyo aghalabu huletwa na jirani. Ghorofa lililosimama upande upepo unakotoka hulikinga kuba, na wastani wa mzigo hupungua, jambo linaloweza kumpa mjenzi faraja isiyo na msingi, kwa sababu nyuma ya ghorofa hilo hewa hujiviringisha kuwa vizingia vinavyolipiga kuba kwa vipindi, na mapigo hayo yanaweza kuzidi mzigo wa upepo ulionyooka. Maghorofa mawili yakiacha uchochoro kati yao, hewa hubanwa humo na kutoka kwa kasi zaidi, huku ghorofa refu lililo nyuma ya kuba likiuteremsha upepo wa juu hadi chini kupitia ukuta wake.

Funzo zito zaidi la ujirani huo halikutoka kwenye kuba bali kwa ndugu yake, mnara wa kupoozea maji, ambao nao ni gamba jembamba la zege lililopinda. Tarehe 1 Novemba 1965, katika kituo cha umeme cha Ferrybridge nchini Uingereza, minara 3 kati ya 8 ilianguka kwa dhoruba, kila mmoja ukiwa na kimo cha mita 114 hivi, na iliyoanguka ilikuwa ya safu ya nyuma, ile ambayo mtu angedhani imekingwa na wenzake. Uchunguzi ulionyesha kwamba usanifu ulitegemea vipimo vya mnara uliosimama peke yake, tena kwa wastani wa upepo wa dakika nzima, wakati kilichoirarua minara ni mikupuo ya sekunde chache.

Siku hizi mfano mdogo wa kuba hutobolewa vitundu vyembamba, kila kimoja kikiunganishwa kwa mrija na kipima kanieneo, kisha huwekwa ndani ya handaki la upepo juu ya meza ya duara inayogeuzwa kidogo kidogo ili upepo ujaribiwe kutoka kila upande. Jaribio hufanywa mara mbili, kuba likiwa peke yake na likiwa limezungukwa na vibao vinavyowakilisha mtaa wake, na kwa mhandisi makini, viwanja vilivyo wazi navyo huwekewa vibao vya maghorofa ambayo bado hayajajengwa.