Kabla ya Kununua Mjusi wa Kufuga, Jua Sheria na Mzigo Wake

Ufugaji wa mijusi kwa ajili ya kujifurahisha ni jambo lililozoeleka zaidi Ulaya na Marekani. Hata hivyo, picha za mijusi wenye rangi za kupendeza sasa zinamfikia kila mwenye simu, na si ajabu mtoto kumsihi mzazi wake amnunulie mmoja. Mzazi hujikuta na maswali mawili: nichague yupi, na nimnunue wapi?

Makala haya yanajibu maswali yote mawili. Hata hivyo, wakazi wafahamu mapema kwamba swali la pili ndilo zito. Mjusi aliyenunuliwa pasipofaa anaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani.

Geko ni mjusi gani?

Miongoni mwa mijusi wanaopendwa zaidi na wafugaji ni wa kundi liitwalo geko. Wakazi wa Pwani wanalijua kundi hili vizuri, kwani mjusi kafiri anayewinda mbu na nondo karibu na taa za nyumba zetu ni mmoja wao. Mwingine ni yule mdogo mwenye kichwa cha manjano, Lygodactylus picturatus, anayeonekana mchana kwenye minazi na kuta.

Geko wengi hutembea ukutani na hata darini kwa sababu nyayo zao zina vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wakishikwa na adui, huweza kukata mkia na kukimbia, kisha mkia mwingine ukaota. Kinyume na imani ya wengi, mjusi kafiri hana sumu. Kinachofaa kuepukwa ni kinyesi chake kuangukia chakula, na dawa yake ni kufunika vyakula na vyombo.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inalinda wanyamapori wote, wala haibagui kwa ukubwa. Mjusi, kinyonga, nyoka na hata mdudu ni wanyamapori kama alivyo ndovu. Kuwakamata, kuwafuga, kuwauza au kuwasafirisha nje ya nchi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa.

Anayedhani kwamba hakuna mtu atakayemfuatilia kwa sababu ya kiumbe kidogo akumbuke kesi ya siafu iliyoamuliwa Nairobi mwezi Mei 2025. Watu wanne walikiri kosa la kupatikana na siafu hai waliokusudiwa kuuzwa nje kwa wafugaji wa wadudu. Raia wawili wa Ubelgiji, vijana wa miaka 19, walikuwa na takriban siafu 5,000 waliopakiwa kwenye mirija yenye pamba. Wengine wawili walikuwa raia wa Vietnam na Mkenya. Kila mmoja alitozwa faini ya Sh1 milioni au kifungo cha miezi 12 gerezani.

Kesi hiyo ina funzo kwa vijana wetu. Mtu akikuahidi pesa ili umkamatie mijusi au vinyonga katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaya au shamba la mtu, usikubali. Mkenya katika kesi hiyo alipata adhabu sawa na ya wageni.

Funzo la msitu wa Kimboza

Madhara ya biashara hii hayako mbali nasi. Katika msitu mdogo wa Kimboza, mkoani Morogoro nchini Tanzania, anaishi geko mdogo ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa. Jina lake la kitaalamu ni Lygodactylus williamsi. Huishi kwenye majani ya miti jamii ya mkadi iitwayo Pandanus rabaiensis, jina lililotokana na Rabai ya hapa kwetu.

Wafugaji wa ng'ambo walipomfahamu, wakamataji waliingia msituni. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009. Mbaya zaidi, ili kuwafikia mijusi waliojificha juu, wakamataji walikata miti yenyewe. Hivyo mjusi aliyebaki alikosa pa kuishi na pa kutagia.

Leo mjusi huyo ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Mwaka 2016, mkutano wa mkataba wa kimataifa wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimwingiza katika orodha yake ya kwanza, ambayo hairuhusu biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini. Kila mnunuzi wa ng'ambo alidhani amenunua mjusi mmoja tu, lakini msitu ulilipa jumla yao.

Nichague yupi?

Jibu fupi ni: asiwe wa porini, na asiwe wa hapa kwetu. Mjusi aliyekamatwa porini huwa na minyoo na hofu, na wengi hukataa kula hadi wakafa. Aliyezaliwa katika mikono ya mfugaji huwa amezoea watu na chakula cha kufugwa.

Anayependekezwa kwa wanaoanza ni geko mwenye madoa kama ya chui, Eublepharis macularius, ambaye asili yake ni Afghanistan, Pakistan na kaskazini magharibi mwa India. Ni mpole, na amezalishwa na wafugaji kwa miongo mingi. Tofauti na mjusi kafiri, ana kope za macho na hawezi kupanda kioo, kwa hivyo si rahisi kutoroka. Kwa upande mwingine, geko mkubwa wa Asia aitwaye tokay, ingawa ana rangi za kuvutia, huuma kwa nguvu na hafai kwa mtoto.

Ukimwona mjusi unayetaka kumchukua, kagua haya:

- Macho yawe wazi na yanayong'aa, yasiwe na ute wala uvimbe.
- Mkia uwe mnene, kwani geko wa aina hii huhifadhi mafuta mkiani. Mkia mwembamba na nyonga zilizochomoza ni dalili ya njaa au ugonjwa.
- Akitembea, tumbo liinuke kutoka chini. Miguu iliyopinda au taya laini ni dalili ya kukosa kalsiamu.
- Vidole viwe kamili, visibanwe na mabaki ya ngozi kuukuu.
- Sehemu ya haja iwe safi.
- Mwombe muuzaji amlishe mbele yako.

Nimnunue wapi?

Usinunue barabarani, sokoni wala kwa mtu anayejulikana kwa nambari ya simu pekee. Kabla ya kutoa pesa, fuata hatua hizi.

Kwanza, fika katika ofisi ya KWS iliyo karibu nawe na uulize kuhusu aina unayotaka, ukiwa na jina lake la kitaalamu. Majina ya mitaani huchanganya, na muuzaji mjanja anaweza kumpa mjusi wa msituni jina la mjusi wa kigeni.

Pili, mwombe muuzaji akuonyeshe kibali chake na hati zinazothibitisha mjusi alikozaliwa. Mfugaji wa kweli atakuonyesha wazazi wa mjusi huyo na mahali anapowafugia. Akisema kibali kitafuata baadaye, ondoka.

Tatu, ikiwa mjusi anatoka nje ya nchi, lazima vibali vya kumwingiza viwepo kabla hajasafirishwa. Hivi ni pamoja na idhini ya idara ya huduma za mifugo ya serikali ya kitaifa na cheti cha afya kutoka nchi anakotoka. Ikiwa yumo katika orodha za CITES, hati za mkataba huo pia zinahitajika. Mjusi aliyefichwa kwenye mzigo hawezi kuhalalishwa baadaye.

Hatua hizi zikikushinda, basi usinunue.

Mzigo wa kila siku

Geko mwenye madoa huishi miaka 10 hadi 20 akitunzwa vizuri. Mtoto wa darasa la nne atakuwa amemaliza shule na kuondoka nyumbani kabla mjusi wake hajafa. Mzazi ajiulize ni nani atakayebaki naye.

Mjusi huyu huhitaji kizimba cha kioo chenye urefu wa karibu sentimita 90, upande mmoja ukiwa na joto la nyuzi 31 hadi 33 na mwingine ukiwa wa baridi kiasi, ili achague mwenyewe. Kwa hali ya hewa ya Pwani, tatizo mara nyingi si baridi bali joto kupita kiasi. Kioo kilichoachwa juani humwua mjusi kwa muda mfupi. Awekewe pia maji safi, mahali pa kujificha, na kona yenye unyevu ya kumsaidia kujivua ngozi. Madume wawili wasiwekwe pamoja, kwani hupigana.

Chakula chake ni wadudu hai kama vile nyenje, walionyunyiziwa unga wa kalsiamu. Kamwe asilishwe mende wa jikoni kwako, kwani huenda wamegusa dawa ya kuua wadudu.

Afya ya familia

Mijusi wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao kuonekana wagonjwa. Kila anayemshika mjusi au kusafisha kizimba anawe mikono kwa sabuni, na vyombo vyake visioshwe mahali pa kuoshea vyombo vya chakula. Watoto wa chini ya miaka mitano, kina mama wajawazito, wazee na wagonjwa wenye kinga dhaifu ni heri wasimshike kabisa.

Ukimchoka, usimwachilie

Mwaka 1972, vinyonga wa pembe tatu walisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamedhoofika, naye akawaachilia bustanini ili wapate nafuu. Walizaana na kuenea, na hadi leo wanawala wadudu na konokono wa asili wa visiwa hivyo. Mjusi wa kigeni akiachiliwa hapa kwetu anaweza kuleta balaa kama hilo. Aliyeshindwa kumtunza awasiliane na KWS.

Pa kuanzia

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti jukumu la kusimamia udhibiti na maslahi ya wanyama wa nyumbani, huku wanyamapori wakibaki chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo, maswali kuhusu vibali yapelekwe KWS, ambayo ina ofisi Malindi, Watamu na Gede. Maswali kuhusu afya na utunzaji yapelekwe kwa daktari wa mifugo katika kaunti ndogo yako. Ukiona mtu akikamata au kuuza mijusi, vinyonga au nyoka, piga ripoti kwa KWS, kwa chifu au katika kituo cha polisi.

Mtoto anayetaka tu kuwajua wanyama hawa anaweza kupelekwa Bio-Ken, Watamu, akaone nyoka na wataalamu wanaowaelewa. Jioni, aketi varandani chini ya taa na daftari. Ahesabu mijusi wangapi wametoka, wamekula nini, na nani amemfukuza mwenzake. Hao hawahitaji kibali, kizimba wala kalsiamu, na mbu wanaowala ni wale ambao wangetuuma sisi.