Kagua Nyumba Yako

Mara nyingi mama huleta mtoto hospitalini na kusema, "Anakohoa usiku, lakini mchana ana nafuu." Mtoto hupewa dawa, hupona, akirudi nyumbani, anakohoa tena. Pengine shauri haliko katika dawa. Pengine liko katika ukuta karibu na kitanda chake.

Kuvu ni nini? Ni kitu chenye uhai, ndugu ya uyoga. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi, nazo zimo hewani kila mahali. Zikipata ukuta mkavu, hazifanyi neno. Zikipata maji, zinaota kwa siku chache tu. Ndipo utaona madoa meusi au ya kijani, na kusikia harufu ya uvundo. Mtu akivuta hewa ile siku zote, aweza kupata kikohozi na mafua yasiyokwisha. Mwenye pumu huzidiwa.

Kukagua nyumba si jambo jipya. Soma Mambo ya Walawi, sura ya 14. Mwenye nyumba akiona madoa ya kijani au mekundu ukutani, alimwita kuhani. Kwanza vyombo vyote vilitolewa nje. Kuhani akaingia, akatazama, akafunga nyumba siku saba, akarudi kutazama tena. Madoa yakiwa yameenea, mawe yale yalitolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa udongo mpya.

Nawe ufanye hivi:

1. Toa vitu nje. Kuvu hupenda kujificha nyuma ya kitanda, chini ya mikeka, nyuma ya magunia na masanduku. Anika magodoro na mikeka juani. Kilichooza, kitupe.

2. Tafuta maji yanatoka wapi. Ukuta ukilowa chini tu, maji yanapanda kutoka udongoni: chimba mfereji nje, maji ya mvua yapite mbali. Doa likiwa juu, bati limetoboka au nyasi zimeoza: tengeneza paa. Kuta zote zikitoa jasho asubuhi, ni mvuke wa pumzi za watu na wa vyungu: nyumba haipati hewa.

3. Ziba njia ya maji kwanza, ndipo usafishe. Fungua madirisha, funga kitambaa puani, sugua kwa maji na sabuni, kausha vizuri. Udongo uliooza, ukwangue, upake mpya. Mwenye pumu akae nje siku hiyo.

4. Ngoja siku saba, utazame tena. Madoa yakirudi, maji bado yanaingia.

Wengine hupaka chokaa juu ya madoa ili wageni wasiyaone. Huko ni kufunika kidonda kichafu kwa kitambaa cheupe. Mwaka 2009 Shirika la Afya la Dunia lilitoa maongozi juu ya kuvu majumbani, nayo yanakaza neno hili moja: zuia unyevu.

Katika milima ya Kivu baridi ni kali, na watu hufunga madirisha kabisa. Fungua kila siku jua likiwaka, dirisha moja upande huu na jingine upande wa pili, hewa ipite. Hewa hiyo husaidia pia kupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu. Lakini usiingize mbabula ya makala chumbani ili kupata joto usiku. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua watu wakiwa usingizini. Tumia blanketi.

Tena, usiseme kila kikohozi ni cha kuvu. Anayekohoa majuma mawili au zaidi, aje hospitalini apimwe makohozi.

Usingoje miezi ya mvua. Leo jua likiwaka, vuta kitanda cha mtoto, utazame nyuma yake.