Kwa nini Bwawa la Nairobi halina mashua tena

Kwetu Ushongo, michezo ya maji ni ya baharini. Nairobi hawana bahari, lakini walikuwa na bwawa. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Kwa miaka mingi watu walikwenda pale kupumzika: kuendesha mashua za tanga, kuvua kwa ndoana na kutazama ndege wa majini.

Leo mashua hazipiti. Maji yanayoingia bwawani hupitia Kibera, yakibeba takataka na majitaka ya nyumba zisizo na mfumo wa kuyaondoa. Uchafu huo ni mbolea kwa magugu maji. Yakishatanda, mwanga haufiki chini, oksijeni inapungua na samaki wanakufa. Tope nalo linapunguza kina.

Jambo hili linatuhusu. Jiji la Tanga linategemea bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi kutoka Usambara Mashariki. Bwawa hupokea kila kinachoteremka na mto. Ukingo ukilimwa kule juu, udongo unashuka hadi kwenye maji ya mtu wa Tanga mjini.