Mashine ya eksirei, umeme wake na ahadi ya kampuni iliyoitengeneza

Mkazi wa Kata ya Lusu anayepelekwa kupigwa picha ya kifua au ya mfupa uliovunjika huambiwa habari za mionzi: mjamzito aseme mapema, msindikizaji abaki nje. Jambo la pili halisemwi sana. Mashine hiyo hutumia umeme, na umeme unaozalishwa kwa kuchoma gesi au mafuta huacha angani hewa ukaa, ambayo huongeza joto la dunia. Mambo haya mawili yasichanganywe. Mionzi hutoka kwa kitambo kifupi mno picha inapopigwa, na mashine ikizimwa haitoi mionzi yoyote. Hewa ukaa haitoki chumbani humo kamwe. Hutoka kwenye mtambo wa umeme ulio mbali, au kwenye jenereta iliyo nyuma ya jengo.

Kampuni zinazotengeneza mashine hizi sasa zimetoa ahadi kuhusu hewa hiyo. Tuchukue mfano wa Philips ya Uholanzi, kwa kuwa mashine zake za eksirei zilifungwa katika hospitali nyingi za umma nchini kwa mpango wa pamoja wa Serikali ya Tanzania na ya Uholanzi. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba shughuli zake zenyewe haziongezi tena hewa ukaa: viwanda na ofisi zake vinatumia umeme wa nishati jadidifu, na kiasi kisichoepukika kinafidiwa kwa kugharamia miradi ya kupunguza hewa hiyo kwingineko.

Ni hatua ya kweli, lakini msomaji aangalie mipaka ya neno “shughuli zake zenyewe”. Sehemu kubwa zaidi ya hewa ukaa inayohusishwa na kampuni ya namna hii haitoki kiwandani. Hutoka pale mashine iliyokwisha kuuzwa inapochomekwa kwenye umeme wa mnunuzi, mwaka baada ya mwaka. Kwa maneno mengine, sehemu nzito ya ahadi hiyo inategemea waya wa hospitali yetu.

Uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Basel, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya umeme wa mashine za CT Scan ulitumika wakati mashine zimewashwa bila mgonjwa kupigwa picha. Kwa mashine za MRI, takriban theluthi moja ilitumika hata zikiwa zimezimwa, kwa sababu upoozaji wa sumaku yake hausimami usiku wala mchana. Mashine ya utrasaundi, ambayo mama mjamzito huikuta karibu zaidi na nyumbani, hutumia umeme kidogo sana ikilinganishwa na hizo, na zile ndogo huweza kutumia umeme wa jua.

Kwa upande wa umeme wenyewe, hali ya nchi imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya Taifa mwaka 2024, na umeme wa maji hauchomi gesi wala mafuta. Hata hivyo, maji nayo hutegemea mvua: mgawo wa umeme wa mwaka 2022 ulitokana kwa sehemu kubwa na ukame. Umeme unapokatika, jenereta huwashwa, na kila lita moja ya dizeli inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Jenereta inayotumia lita 10 kwa saa hutoa basi kilo 27 kila saa, na fedha ya dizeli hiyo ingeweza kununua dawa. Hilo la fedha, kwa maoni yetu, ndilo linalomgusa mwananchi kwanza.

Isidhaniwe kuwa tunashauri picha zipunguzwe. Tanzania imeahidi kupunguza ongezeko la hewa ukaa kwa kati ya asilimia 30 na 35 ifikapo mwaka 2030, na hakuna kifungu kinachomtaka mgonjwa aache kupimwa. Kinyume chake, kipimo kinachopatikana Nzega humwondolea mgonjwa na ndugu zake safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda Kitete, Tabora, na mafuta ya gari lililowabeba.

Limebaki suala la mashine zilizokufa. Philips iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2025 itakuwa tayari kurejesha vifaa vyake vya kitaalamu vilivyochakaa ili vitengenezwe upya au sehemu zake zitumike tena. Ahadi hiyo haina manufaa kwa hospitali isiyoidai. Mashine kuukuu ya eksirei ina risasi, na transfoma yake ina mafuta. Haifai kuuzwa kama chuma chakavu. Uondoaji wake hufuata taratibu za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Wananchi wana wawakilishi katika kamati ya usimamizi ya kila kituo cha kutolea huduma za afya. Kamati hiyo inaweza kuuliza mambo matatu: je, mashine huzimwa jioni kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, jenereta imetumia lita ngapi mwezi uliopita, na je, mkataba wa kununua mashine mpya unataja atakayeichukua ile ya zamani?