Matatu za Majini: Kwenda Kazini kwa Boti Mjini Bangkok

Wahenga walinena kwamba tembea uone. Na ikiwa huna nauli ya kutembea, basi kusoma nako ni kutembea. Hebu leo tufunge safari hadi Bangkok, mji mkuu wa Thailand, tuone vile watu wa huko wanavyoukwepa msongamano wa magari kwa kupanda boti.

Mji huu ulifanywa makao makuu ya ufalme mwaka wa 1782, kwenye ukingo wa mto Chao Phraya. Zamani hizo watu hawakuwa na haja kubwa ya barabara. Mto na mifereji iliyochimbwa kila upande ndiyo iliyokuwa njia ya kuendea sokoni, hekaluni na kwa jamaa. Barabara za kisasa zilianza kujengwa katika miaka ya 1860. Baadaye mifereji mingi ilifukiwa ikawa barabara, na magari yakaja kwa wingi. Sensa ya mwaka wa 2010 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 mjini humo. Sasa fikiria umati huo wote ukitaka kufika kazini saa mbili asubuhi! Magari husimama tuli, honi zikalia, na dereva akabaki kufuta jasho tu. Lakini mto haukufukiwa. Huko majini hakuna taa za kusimamisha magari wala mashimo ya lami.

Mwaka wa 1971 ilianzishwa kampuni ya kuendesha boti za haraka katika mto huo. Tusichanganye boti hizi na feri kama ile ya Likoni. Feri huvuka maji kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Boti ya haraka hufuata mto wenyewe, mithili ya matatu ifuatayo barabara, ikipakia na kushusha abiria katika magati ya kingo zote mbili. Njia yake kuu ni ya takriban kilomita 20, kutoka Nonthaburi upande wa kaskazini hadi kusini mwa jiji. Humo utawakuta makarani, wachuuzi, wauguzi wanaokwenda hospitali ya Siriraj na wanafunzi wa chuo kikuu cha Thammasat, kwani taasisi hizo mbili zipo kando ya mto. Watawa wa Kibudha nao hutengewa mahali pao.

Je, abiria hujuaje boti ipi ni yake? Ni kwa bendera! Boti yenye bendera ya rangi ya machungwa husafiri mchana kutwa, na nauli yake ni moja, uende karibu au mbali. Yenye bendera ya manjano huruka magati mengi ili ifike upesi, nayo hutumika siku za kazi, asubuhi na jioni. Ya kijani hupanda hadi Pak Kret, mbele ya Nonthaburi. Ya buluu ni ya watalii. Kwa hivyo mtu asiyejua bendera anaweza kuliona gati lake likimpita hivi hivi! Magati nayo yamepewa nambari, na lile la Sathorn limepakana na kituo cha treni ya juu iliyoanza kazi mwaka wa 1999. Abiria hushuka botini akaingia treni bila kugusa gari.

Kazi ya kutia gati ndiyo inayostaajabisha. Nahodha hukaa mbele, na abiria hupandia nyuma. Sasa ataonaje nyuma? Hapo ndipo baharia wa nyuma anapochukua filimbi. Hupiga mlio huu kumwambia nahodha arudi kidogo, mlio ule kumwambia asimame, na mwingine kumwambia aondoke. Kamba huzungushwa kwenye nguzo, watu wakashuka, wengine wakapanda, kamba ikafunguliwa. Yote hayo huweza kwisha kabla ya dakika moja! Kisha hupita konda akichezesha mkebe mrefu wa chuma wenye tiketi na sarafu: cha, cha, cha! Hata asiyejua Kithai huelewa kwamba anadaiwa pesa.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyo na mbu. Gugumaji, lile lile linalowasumbua ndugu zetu wa Kisumu, huelea pia katika Chao Phraya na kuweza kuizinga rafadha, yaani panga linaloisukuma boti. Mvua nazo zikizidi, mto hufura. Wakati wa mafuriko makubwa ya 2011 boti zililazimika kusimamisha safari.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haiko katikati ya mto. Iko gatini. Kwa kuwa bahari si mbali, maji ya mto hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa kwa bahari. Ndiyo maana magati mengi yamejengwa yaelee, yapande na kushuka pamoja na maji. Somo la Fizikia linatufunza kanuni ya Archimedes: chombo huelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Ukizidi kukipakia, huzama chini zaidi, mpaka maji yakaingia. Isitoshe, watu 100 waliosimama kwa kutawanyika si sawa na watu 100 waliojazana upande mmoja, kwani hao wa pili hukiinamisha.

Jambo hilo lilitokea mwezi wa Juni 1995 katika gati la Phran Nok, karibu na hospitali ya Siriraj. Watu walijazana juu ya gati, nalo likazama nao. Watu 29 walipoteza maisha. Hawakuwa wamefika hata botini! Nasi Wakenya tuna kidonda chetu: mnamo Aprili 29, 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilipinduka Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakafa.

Kuna msemo tunaoupenda sana, eti ajali haina kinga. Misiba hii miwili inatufunza kwamba kinga ipo, tena haigharimu hata senti. Abiria na angoje nchi kavu hadi chombo kifungwe kamba. Wanaoshuka wapishwe kwanza. Na chombo kikijaa, kiachwe kiende, kwa sababu kingine kinakuja nyuma.

Boti za Bangkok ni za haraka si kwa sababu watu husukumana. Ni za haraka kwa kuwa kila mmoja anaijua kazi yake: mwenye filimbi, mwenye kamba na mwenye usukani. Abiria naye anayo kazi yake, nayo ni kungoja zamu. Basi wanafunzi wenzangu, tunapofunga shule na kukimbilia magari ya kwenda nyumbani, au tunaposimama katika kivuko cha Likoni, tulikumbuke gati la Phran Nok. Kuchelewa dakika kumi si hoja. Kawia ufike!